Kisanduku cha Mia na Kumi na Saba

Vinakaa kabatini, nyuma ya mlango wa chumba cha dharura:
vyeupe vyote, uzito mmoja, gundi ileile.
Nusu vina dawa ya kuzuia damu isimwagike.
Nusu vina maji ya chumvi.
Kipi ni kipi, inajua kompyuta moja huko Bogotá,
nayo haisemi.

Duván Orejuela aliletwa saa tisa ya usiku,
mkata miwa wa Candelaria,
trela lilimlalia nyonga.
Suruali tuliikata kwa mkasi.
Mifukoni mlitoka jiwe la kunolea panga,
majivu ya shamba lililochomwa jioni ile,
na tiketi ya bahati nasibu, nusu yake imelowa.
Presha sitini.
Presha hamsini.
Daktari Nohemí akasema "kisanduku" bila kugeuka,
nikachukua kilichokuwa mbele.
Sikuchagua. Nataka hili lieleweke:
kilichokuwa mbele.

Sheria inaturuhusu. Aliyezimia hawezi kukubali
wala kukataa, na damu haingoji sahihi.
Kwa hiyo tunatibu kwanza, tunaomba baadaye,
na anayetumwa kuomba ni mimi.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na mashine ya kahawa,
kofia ya mwanawe mapajani.
Nikamsomea karatasi ya kwanza. Nikamsomea ya pili.
Akauliza: "Mlimpa dawa au maji?"
"Sijui, mama."
"Daktari anajua?"
"Hajui."
"Basi mwanangu mmempigia kura."

Ninalo jibu, tulifundishwa siku mbili nzima:
hatujui kama dawa hii inaokoa au inadhuru,
na kujifanya tunajua kumeua wengi.
Ni kweli. Ningeapa mbele ya yeyote.
Lakini alfajiri, ukumbini, sakafu ikinuka dawa ya kudekia,
nililitamka na likasikika kama udhuru wa mdeni.
Akanitazama mpaka nikanyamaza.
Kisha akachukua kalamu, akaandika majina yake yote manne,
la mwisho likatoka nje ya mstari
likaingia mahali pa sahihi yangu.

Siku ya ishirini na nane fomu inauliza:
Yu hai? Ndiyo. La.
Chupa za damu: kumi na moja.
Siku kwenye mashine ya kupumulia: kumi na tisa.
Mguu: mmoja.

(Wa mia na kumi na nane alifariki kwenye lifti,
kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.
Msichana wa pikipiki, kucha zake zimepakwa rangi ya chungwa,
mbili hazijakauka vizuri.
Nilitia alama kwenye La. Kalamu ileile.)

Mwezi wa sita nilipanda basi mpaka Candelaria.
Unaweza kwenda dukani peke yako?
Unaweza kufanya kazi uliyokuwa ukifanya?
Akacheka, mkongojo umeegemea friji.
"Andika naweza kunoa. Nawanolea wenzangu mapanga,
wananilipa kwa panga."
Nikatafuta pa kuandika kunoa. Hapakuwapo.
Hapakuwapo pia pa kuandika kwamba halali
mpaka ashike chuma cha kitanda,
kwamba breki za lori zikilia barabarani
mama yake huja mlangoni, husimama, hasemi kitu,
hurudi kulala.

"Mmeshajua?" akauliza. "Dawa au maji?"
Nikamwambia bado wagonjwa mia sita,
bado miaka miwili, ndipo namba zitafunguliwa.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

Kila Jumamosi hununua tiketi inayoishia
na mia moja kumi na saba.
Hajashinda hata shilingi ya sukari.
Niliposimama kuaga akaniomba namba nyingine,
yoyote, ile iliyofuata yake, labda ile ndiyo yenye bahati.

Nikafunga begi langu.
Nikamwambia ashikilie hiyohiyo.